Kabati la baba mkubwa: wiski, mvinyo na siga katika joto la Moshi

Ukirithi shamba au kiwanja, ukoo mzima una la kukushauri. Ukirithi kabati la chupa, kila mtu ana bei yake kichwani, ila hakuna anayejua kama kilichomo bado kinanyweka. Mimi nilikabidhiwa kabati la namna hiyo pale Moshi, lenye wiski, mivinyo na maboksi ya siga. Naandika kwa ajili ya mtu atakayekabidhiwa kama mimi, na kwa anayetaka kuanza kukusanya mwenyewe, maana maelekezo mengi ya mambo haya yameandikwa na watu wenye vyumba vya mawe chini ya nyumba na baridi karibu mwaka mzima. Sisi tuna bati, jua la Februari na umeme unaokatika.

Baba mkubwa alikuwa mwongoza watalii Mlima Kilimanjaro kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Wageni aliowafikisha kileleni, mita 5,895, hawakumsahau. Wakirudi, au wakimtuma rafiki, zawadi ilikuwa chupa. Waskoti walileta wiski, Wafaransa mvinyo, na kulikuwa na mzee mmoja wa Hispania aliyemletea siga za Cuba, zile nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Mwenyewe alikuwa mnywaji wa kiasi sana. Jumapili jioni alifungua kabati, akatoa chupa moja, akanisimulia nani aliileta, walipanda kwa Machame au kwa Marangu, nani aliugua kwa ajili ya mwinuko, nani alilia machozi alipoona jua linachomoza. Mara nyingi aliirudisha bila kuifungua. Mapenzi yangu kwa vitu hivi yalianzia pale, kwenye kusikiliza, kabla sijajua tofauti ya shayiri na zabibu.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, Kibosho. Matanga yalipoisha, kikao cha ukoo kikafika kwenye kabati. Binamu yangu wa Dar alikuwa amesoma kwenye simu habari ya chupa ya Macallan ya mwaka 1926 iliyouzwa kwenye mnada wa Sotheby's, London, Novemba 2023, kwa zaidi ya pauni milioni 2. Habari ni ya kweli. Lakini wiski ile ilikaa kwenye pipa miaka 60, ikatoka chupa 40 tu mwaka 1986, ndiyo maana matajiri wanaigombania. Kwetu hapakuwa na kitu cha aina hiyo. Ila pauni milioni 2 zikishatajwa mbele ya watu wenye madeni ya msiba na ada za shule, kuwarudisha chini si kazi ndogo. Shangazi, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema hataki kuona hata chupa moja ya kaka yake inaishia baa. Mwisho ufunguo nikapewa mimi niliyezoea kukaa naye jioni, nitafute thamani yake nirudi na taarifa.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila rafu kama ilivyo. Kisha fungua daftari. Kwa kila chupa niliandika jina, kilichoandikwa kwenye lebo, kama imesimama au imelazwa, kizibo ni cha gome au cha kuzungusha, na kinywaji kimefika wapi shingoni. Washa tochi ya simu nyuma ya chupa, utaona kimo na machicha yaliyotulia chini. Lebo usiipanguse kwa kitambaa kibichi. Vumbi linavumilika, lebo iliyochanika hairudi.

Wengi kikaoni walidhani kuuza ni kupiga picha na kutupia kwenye kundi la WhatsApp. Sivyo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka anayeuza kileo awe na leseni, na hilo halibadiliki kwa sababu ni mali ya marehemu. Nilipoenda kwenye maduka yenye leseni, Moshi na Arusha, jibu lilikuwa lilelile: hawawezi kuweka rafuni chupa isiyo na stempu ya kodi ya kielektroniki ya TRA, ile iliyoanza 2019, na chupa za baba mkubwa zilikuja kwenye mabegi ya wageni miaka mingi nyuma. Kupeleka mnadani Ulaya ni safari nyingine. Kwenye ndege, pombe yenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 hadi 70 huruhusiwa lita 5 tu kwa abiria kwenye mzigo wa kukabidhi, huko unakokwenda kuna ushuru, na wenye mnada wanakata chao. Kwa chupa ambayo hata leo inapatikana dukani, hesabu haifungi. Nilipiga hesabu hiyo kwenye karatasi, nikaituma kwenye kundi la familia mapema, kabla matumaini hayajawa ugomvi. Kwa kweli hili ndilo jambo ninalomsihi mwenzangu alitangulize kuliko yote. Watu walio kwenye majonzi wanashika sana ahadi ya fedha.

Nianze na wiski, kwa sababu ndiyo iliyonifariji. Wiski ikishatoka kwenye pipa na kuingia chupani, imemaliza kukua. Ya Uskoti lazima ilale kwenye pipa la mwaloni hukohuko Uskoti si chini ya miaka 3, na ijazwe ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Namba 12 au 18 kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, kwa miaka ya pipani peke yake. Chupa ya miaka 12 aliyoletewa mzee mwaka 1998 ni ya miaka 12 hadi leo. Ukiiweka vizuri haizeeki na haiharibiki, inakusubiri.

Kuiweka vizuri maana yake ni tatu tu: isimame, ikae gizani, mbali na joto. Isimame kwa sababu pombe kali inakula gome la kizibo. Chupa moja ilikuwa imelazwa nyuma ya nyingine kwa kukosa nafasi, na nilipoizungusha kizibo, nusu ikabaki mkononi na nusu ikaangukia ndani. Niliichuja taratibu kwa karatasi ya kuchujia kahawa, nikaihamishia kwenye chupa ndogo ya kioo iliyokauka kabisa. Ladha ilikuwa salama. Tangu hapo situpi kizibo cha chupa iliyoisha. Naviosha, navikausha, navitunza kwenye kopo, maana siku kizibo kikivunjika utahitaji cha kushika nafasi yake. Na chupa ikishafika chini ya nusu, hewa iliyobaki ndani inaanza kuichosha wiski, kwa hiyo ihamishie kwenye chupa ndogo au ialike watu.

Ilikuwepo moja kutoka Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa kwenye vinamasi. Kimo chake kilikuwa kimeshuka chini ya bega la chupa, kwa kuwa karatasi ya kifuniko ilikuwa imepasuka. Niliimimina kidogo kwenye glasi. Moshi uliojaa chumba ulikuwa ule wa jiko la kuni la bibi asubuhi ya mvua, na nyuma yake chumvi kidogo. Nikaongeza tone la maji, kama mzee alivyonifundisha, harufu ikafunguka zaidi. Watu wanaona haya kuongeza maji kwenye wiski ya bei kubwa. Wasione. Maji kidogo ndiyo yanayoachia harufu, na wanaoonja wiski kwa kazi hufanya hivyo.

Mzee mmoja wa jirani alikuwa nami siku hiyo, mtu wa mbege maisha yake yote. Nilipomweleza kwamba shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa, alicheka kwa furaha: "Hicho si kimea? Mbona ndicho mke wangu anachofanya na ulezi?" Ndicho. Tofauti kubwa iko kwenye muda. Mbege ya ndizi na ulezi hupikwa kwa ajili ya siku yake, na isiponyweka ndani ya siku chache imekuwa kali, imekwisha. Kwetu Uchagani kinywaji kina watu wake kabla hakijaiva. Unajua ni cha posa, cha kikao au cha kuwashukuru waliochimba msingi. Nililifikiria jambo hilo sana nilipofika kwenye rafu ya juu.

Rafu ya juu ndiyo ilikuwa ya mivinyo. Imesimama yote, karibu na dari, chini ya bati. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa zaidi ya mita mia nne, na miezi ya Januari na Februari mchana nyuzi 30 hupitwa bila shida. Mvinyo unataka kama nyuzi 12 au 13, usibadilikebadilike, na chupa ya kizibo cha gome ilazwe ili kizibo kibaki na unyevu. Kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia. Tofauti na wiski, mvinyo unaendelea kubadilika ndani ya chupa. Wengi sana umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Michache inayopata faida kwa kukaa inaipata pale tu penye ubaridi na utulivu. Kwenye joto haizeeki kwa heshima, inaungua.

Nilizifungua moja baada ya nyingine. Ishara zilionekana hata kabla: kizibo kimesukumwa juu kidogo, utepe wa kunata umeshuka ubavuni mwa chupa. Mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, ulikuwa na rangi ya matofali, ukinuka zabibu kavu zilizochemshwa, na mdomoni siki. Pinotage ya Afrika Kusini, ile zabibu iliyozalishwa huko mwaka 1925 kwa kupandisha aina mbili za Kifaransa, ilikuwa hivyohivyo. Mweupe wa Dodoma ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Hii usichanganye na kasoro nyingine ambayo hata mvinyo uliotunzwa unaweza kuwa nayo, pale kizibo chenyewe kinapokuwa na dosari: hapo utasikia harufu ya boksi lililolowa au kitambaa kibichi kilichosahaulika kwenye ndoo. Ya kizibo ni bahati mbaya ya chupa moja. Ya joto inaondoka na rafu nzima.

Iliyonivunja moyo ni chupa moja ya Bordeaux. Baba mkubwa alikuwa amebandika kikaratasi shingoni kwa mwandiko wake wa kulalia: "Harusi ya kitindamimba." Binti yake huyo wa mwisho aliolewa miaka mingi sasa. Harusi ilikuwa ya kamati, ukumbi Majengo, vinywaji vyote vya oda, na mzee aliona vibaya kuingia na chupa moja mkononi mwa watu mia tatu. Akaibakiza, labda akisubiri siku ya nyumbani iliyo tulivu. Nilipoionja ilikuwa imekufa. Nilikaa jikoni kwake muda mrefu nikiwa na ile karatasi mkononi, na niliumia kwa namna ambayo sikuwa nimeumia hata makaburini. Sikumlaumu, wala hadi leo simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba mvinyo una tarehe, na yeye alitunza kila kitu kwa kadiri ya alichojua.

Kati ya mivinyo yote ile ulipona mmoja: wa Madeira, kisiwa cha Ureno kwenye Atlantiki. Huu huongezwa pombe kali ya zabibu hadi kilevi kifike kama asilimia 18 hadi 20, kisha hupashwa joto kwa makusudi. Ile bora zaidi hulazwa kwenye mapipa miaka kadhaa, juu kabisa chini ya paa, ipikwe na jua. Zamani meli zilipoubeba kupita nchi za joto, wenyewe waligundua unarudi mzuri kuliko ulivyoondoka. Yaani rafu iliyoua wenzake kwa huu ilikuwa ni kwao. Na tena chupa za Madeira husimamishwa, kama wiski. Niliupeleka kwa kitindamimba pamoja na kile kikaratasi. Tuliufungua mezani kwake na mumewe na wanawe wakubwa, ukatoa harufu ya sukari guru, maganda ya machungwa na karanga zilizokaangwa. Shangazi mwenyewe alilamba, akaomba aongezwe.

Ukinunua mvinyo wa kukaa nao katika mji wenye joto, hiyo ndiyo familia ya kutazama: Madeira kwanza, na baada yake mingine iliyoongezewa pombe kali kama pota ya Ureno, ingawa pota haivumilii joto kiasi hicho.

Siga nazo. Boksi moja nililipofungua nikaona unga mwembamba wa kahawia chini, na kwenye majani vitundu vya duara, vidogo, kana kwamba mtu amechoma na sindano. Ni mbawakawa wa tumbaku, mdudu wa milimita 2 au 3. Mayai yake yanaweza kuwamo kwenye tumbaku tangu shambani, yakalala tu, ila joto likipita kama nyuzi 24 au 25 yanaanguliwa na funza wanatoboa njia. Mjini Moshi wadudu hao wana mwaka mzima wa sherehe. Zenye matundu nilizichoma moto. Zilizobaki nilizifunga kwenye mifuko miwili ya kubana, nikazitia friza siku tatu nzima, kisha friji ya kawaida siku moja, ndipo zikatoka nje, maana zikitoka kwenye barafu kwenda kwenye joto kwa ghafla jani la nje linapasuka. Ile mifuko miwili si anasa. Siga inavuta harufu, na friza za kwetu zina samaki.

Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Makasha rasmi hutengenezwa kwa mbao ya mseda wa Kihispania na bei yake inatisha. Mimi natumia kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, vipande vya ule mseda vilivyotoka kwenye maboksi ya zamani, kipima unyevu cha dijiti, na pakiti maalumu zinazotoa unyevu ukipungua na kuunyonya ukizidi. Yote pamoja haikufika laki moja, pakiti ndizo za kuagiza. Kipimaji chako kikague kwanza: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, iloweshe kidogo iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipimaji kwenye mfuko uliofungwa vizuri kwa siku moja. Lazima kisome 75. Kikisoma 70, basi jua kinakudanganya kwa 5. Siga iliyokauka usiilazimishe kwa haraka. Irudishie unyevu wiki kwa wiki. Itavutika tena, ila mafuta yaliyokwisha kuondoka kwenye jani hayarudi, na ladha inabaki nyembamba.

Siga za Cuba zinaghushiwa mno. Boksi lenye mfuniko wa kioo ni feki, achana na maelezo ya muuzaji. Boksi la kweli lina stempu ya kijani ya serikali ya Cuba na chini limechomwa maneno yasemayo limetengenezwa Cuba kwa mkono kabisa. Na kuhusu afya niseme wazi kwa sababu wapo wanaojifariji. Moshi wa siga hauvutwi hadi kifuani, unabaki mdomoni, lakini saratani ya mdomo na koo haihitaji ufike kifuani. Mimi huwasha moja kwenye tukio kubwa, nje, mbali na watoto na mama mjamzito, na sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2003 nayo imekataza kuvuta kwenye maeneo ya watu wote. Aliye na historia ya ulevi kwao, au anayetumia dawa, hobi hii aiache bila aibu yoyote. Kuna kahawa Kilimanjaro inayostahili umakini uleule wa kunusa na kuonja.

Nilihamishia vilivyobaki kwangu Njiro, Arusha, kama kilomita 80. Nilisafiri alfajiri, chupa zimefungwa kwenye blanketi na kusimamishwa kwenye makreti ya soda. Arusha iko karibu mita 1,400 na inanisaidia, lakini isikudanganye: chumba kinachotazama jua la magharibi kinapikika kama Moshi. Nilizungusha kipimajoto cha elfu kumi na tano kila chumba, asubuhi, saa nane mchana na usiku, kwa wiki kadhaa. Mshindi akawa stoo ya ndani, isiyo na dirisha, na ndani ya stoo ile, sakafuni. Tofauti ya sakafuni na rafu ya juu ilikuwa nyuzi tatu hadi nne. Hiyo haikunigharimu chochote, na imefanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote nilichonunua. Friji maalumu ya mvinyo niliulizia bei, nikaachana nayo. Zaidi ya bei, umeme ukikatika mchana kutwa inakuwa kabati la kawaida. Friji ya jikoni ni sawa kwa mvinyo utakaonywewa ndani ya wiki, si kwa kukaa mwaka, kwa sababu ni baridi kupita kiasi na inakausha vizibo.

Stoo yangu haishuki nyuzi 13. Inacheza kati ya 18 na 22. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni: mvinyo hauzidi mwaka mmoja kwangu. Nanunua kidogo, nakunywa na watu, nanunua tena. Na kwa sababu hiyo nimekuwa mpenzi wa mivinyo ya Dodoma, ambayo inatoka karibu na haihitaji kusubiriwa. Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya halipo, na aina ya Makutupora ina ladha ambayo hutaikuta kwenye chupa ya Ufaransa. Ukipanda basi la kupitia Babati na Kondoa, utaziona shamba zenyewe kabla ya kuingia mjini, na utaelewa unakunywa nini. Mwekundu usiuache kwenye "joto la chumba" la kwetu. Utie friji nusu saa kabla ya kumimina.

Kwa wiski, ninunuapo sasa naangalia stempu kabla ya bei. Programu ya TRA ya Hakiki Stempu iko kwenye simu yangu. Duka moja mjini liliwahi kuniuzia chupa ambayo stempu yake haikusomeka, na pete ya kifuniko ilikuwa imelegea. Niliirudisha palepale na wakanirudishia fedha bila ubishi, jambo ambalo lilinipa wasiwasi zaidi. Hapa sizungumzii kupoteza laki moja. Pombe ya kughushi inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha macho na kuua. Ofa ya wiski ya laki mbili kwa elfu sitini ipite.

Ndugu akitoka safari mwagize kwa kipimo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye miaka 18 kuingia bila ushuru na lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo, na tumbaku isiyozidi gramu 250 kwa jumla. Yaani chupa moja ya wiski. Usimwingize mtu matatani pale Namanga au KIA kwa sababu ya hobi yako.

Daftari limebadilika kidogo tangu siku zile za kabati. Niliongeza safu mbili: aliyeileta au niliponunua, na siku ya kuifungua. Safu ya pili haiachwi wazi. Ni mahafali, ni kipaimara, ni kurudi kwa kaka kutoka masomoni, na kwa mvinyo tarehe hiyo haiwezi kupita mwaka. Mtu akiniletea chupa tunakubaliana siku palepale, naye anaalikwa. Tukio likiahirishwa, chupa ya wiski inahamia tukio linalofuata. Ya mvinyo tunaifungua Jumapili hiyohiyo.

Taarifa yangu kwenye kikao ilikuwa fupi. Chupa mbili za wiski, za kiwanda ambacho kilishafungwa, zilikuwa na thamani ya kweli kwa wakusanyaji. Mgeni mmoja wa zamani wa baba mkubwa aliomba azichukue mwenyewe alipokuja kuhani, akazibeba ndani ya kiwango chake, na akaacha shukrani kwa familia iliyotosha kujengea kaburi. Binamu wa Dar alisikitika kwa idadi ya sifuri, kisha akakubali. Wiski zilizobaki ziligawanywa moja kwa kila nyumba, shangazi akasimamia orodha, na kila aliyepokea alisaini pamoja na tarehe atakayoifungua. Ya Islay niliombwa niitunze mimi, iliyokuwa imeshaanza kupungua. Tuliimaliza Desemba kihambani, na mzee wa mbege ndiye aliyemimina.